Kutafuta chanzo cha mzio wa kamba na jamii yake: mwongozo kwa wakaaji wa Kisumu na Magharibi

Mtu akivimba midomo baada ya kula hapa Kisumu, jibu la kwanza huwa moja: ni samaki. Samaki ndiye aliyekuwa mezani, ndiye anayejulikana, basi lawama humwangukia yeye. Familia nzima huacha ngege na mbuta kwa miezi, halafu siku moja mtu yule yule anavimba tena baada ya kula omena (dagaa wa ziwa), au kumbikumbi, au chipsi za kawaida. Hapo ndipo inapoonekana kwamba chanzo hakikutafutwa. Kilikisiwa tu.

Mwongozo huu unahusu mzio wa wanyama wa majini wenye gamba na miguu mingi: kamba, kaa, kambakoche na wadogo wao. Wengi hudhani ni jambo la Mombasa na Lamu, la watu wa bahari. Ziwa letu pia lina kamba wake, na wanaingia katika sufuria zetu bila kualikwa. Nitaeleza namna ya kufuatilia tukio hatua kwa hatua, kuanzia dakika ambayo mwili umeanza kuwasha hadi siku ya kupata jibu hospitalini.

Kabla ya yote: hakikisha mtu yuko hai

Upelelezi unangoja. Zipo dalili ambazo ukiziona hupaswi kuuliza chochote zaidi: kupumua kwa shida au kwa mlio, sauti kukwaruza ghafla, ulimi au koo kuvimba, kikohozi kisichokoma, kizunguzungu, kuzimia, mtoto kulegea na kupauka. Kutapika mfululizo pamoja na mabaka mwilini nako kumo katika kundi hilo. Huo ni mzio mkali, na unaweza kuua ndani ya nusu saa.

Dawa yake ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo. Hali isipotulia, hurudiwa baada ya dakika 5 hivi. Ikiwa tayari umepewa sindano ya kujidunga mwenyewe na daktari, itumie mara moja, usingoje uone kama hali itakuwa mbaya zaidi. Kama huna, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama ni kidogo, mradi kiko wazi na kina mhudumu. Adrenalini ni dawa ya kawaida ya dharura. Kupita vituo viwili ili ufike hospitali kubwa ni kupoteza dakika zinazohitajika.

Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketi lakini miguu ibaki imenyooshwa. Mjamzito alale ubavu wa kushoto, na anayetapika au aliyepoteza fahamu alale ubavu. Asisimamishwe ghafla wala asitembezwe hadi barabarani, kwa sababu shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimama tu kunaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana nasihi sana: usimpakie kwenye bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Mwite jirani mwenye gari, au teksi, au tuktuk ambamo ataweza kuinuliwa miguu. Nambari za dharura ni 999 na 112, ila mara nyingi gari la jirani hufika mapema.

Piriton na setirizini, dawa za kawaida za mzio, hupunguza mwasho na mabaka. Hazifungui koo lililovimba wala haziinui shinikizo la damu. Maziwa, mkaa na kumtapisha mtu kwa vidole havisaidii, na mtu ambaye koo linaziba anaweza kupaliwa. Na hata akipata nafuu, abaki hospitalini kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi mara ya pili bila ya kula kitu kingine chochote.

Hatua ya kwanza: andika siku hiyo hiyo

Kumbukumbu ya mlo huharibika haraka. Kesho yake kila mtu aliyekuwepo atakuwa na hadithi yake, na hadithi zote zitakuwa zimeelekezwa kwa yule aliyekwisha kulaumiwa. Kwa hiyo chukua simu au daftari uandike, hata kwa maneno ya ovyo, mambo haya: saa mgonjwa alipoanza kula, saa dalili ya kwanza ilipotokea, ilikuwa dalili gani, ikafuatwa na ipi, na zilidumu muda gani. Andika kila kilichopita mdomoni katika saa 4 zilizotangulia, pamoja na kachumbari, mchuzi, kinywaji, peremende na dawa. Kama aliumwa na nyuki au nyigu, andika.

Piga picha za mabaka. Mabaka ya mzio huvimba, huwasha kama ya upupu, na huhama: yanafifia mkononi huku yanatokea tumboni. Ukifika kwa daktari siku tatu baadaye yatakuwa yamekwenda, na picha ndiyo itakayosema.

Tunza na chakula chenyewe. Mabaki kidogo ya kila kilicholiwa, kila kimoja katika mfuko wake, yaandikwe jina na tarehe na kuwekwa kwenye friza. Pakiti ya mchuzi au viungo usiitupe. Nitaeleza mbele kwa nini vitu hivi vina thamani.

Kuna kipimo kimoja cha damu ambacho wakati wake ni huo huo wa tukio. Kinapima kimeng'enya kiitwacho triptasi, ambacho hutolewa na seli za mzio zinapopasuka. Damu inafaa kuchukuliwa saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, isipite saa 4 kama inawezekana, kisha ichukuliwe nyingine baada ya siku nzima au zaidi ili zilinganishwe. Si kila maabara hukifanya, na majibu ya kawaida hayafuti mzio wa chakula. Lakini ukiwa hospitalini tayari, kumuuliza mhudumu, "Daktari, damu ya triptasi inaweza kuchukuliwa sasa?" ni swali la haki kabisa.

Hatua ya pili: je, ulikuwa mzio kweli?

Saa ndiyo shahidi mkuu. Mzio wa kawaida wa kamba huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula. Aliyekula saa saba mchana akaanza kuharisha usiku wa manane, bila mabaka, bila kuvimba, huyo yaelekea amekula chakula kilichochafuliwa na vijidudu, na tiba yake ni maji ya chumvi na sukari na uangalizi.

Waulize waliokula naye. Mzio humchagua mtu mmoja. Wakiumwa wanne kati ya sita waliokaa meza moja, tafuta sumu, usitafute mzio. Hapa kuna ugonjwa unaofanana na mzio kiasi cha kuwahadaa hata wahudumu: sumu ya histamini. Samaki wa bahari kama jodari na vibua, wakikaa bila baridi ya kutosha, hutengenezewa histamini na bakteria, na histamini ndiyo ile ile ambayo mwili hujitolea wakati wa mzio. Uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwingine anapata mabaka. Kupika hakuiondoi, na kopo lililoachwa wazi linaweza kuwa nayo. Mtu huyu hana mzio wa samaki; kesho akila jodari aliyehifadhiwa vizuri hatapata neno. Kumwambia aache samaki maisha yake yote ni kumnyima bure.

Yupo pia mtoto mchanga, na mara nyingine mtu mzima, anayetapika tena na tena saa 1 hadi 4 baada ya kula, analegea na kupauka, lakini hana baka hata moja. Hiyo ni aina nyingine ya mzio, ya utumbo, na haionekani kwenye vipimo vya kawaida vya ngozi wala damu. Mweleze daktari mfuatano huo wa saa kama ulivyo.

Na mabaka yanayokuja na kwenda karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6? Hayo mara chache sana husababishwa na chakula. Hapo usianze kufuta vyakula kimoja kimoja.

Hatua ya tatu: wapange washukiwa kwa ukoo wao

Protini inayowasumbua wengi wenye mzio wa kamba inaitwa tropomayosini. Ipo kwenye misuli ya kamba, kaa na kambakoche, na inafanana sana kutoka mmoja hadi mwingine, hivyo aliye na mzio wa kamba mara nyingi hupatwa na kaa pia. Moto hauivunji. Kuchemsha, kukaanga, kuanika juani, kuchoma, yote hayo inayavumilia. Kwa hiyo mtu akikuambia "alipikwa vizuri," hajakujibu swali lako.

Samaki wa mapezi ana protini nyingine kabisa inayoleta mzio, parvalbumini. Mwenye mzio wa kamba kwa kawaida anaweza kula ngege, mbuta na kamongo bila shida, na mwenye mzio wa samaki anaweza kula kamba. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila nyumba ya hapa ilijue, kwa sababu samaki ndiye protini yetu, na kumwondoa mezani kwa mtoto kwa kukisia tu kuna gharama mwilini mwake. Pweza, ngisi, chaza na konokono ni ukoo wa tatu. Nao wana tropomayosini, lakini ya namna tofauti kidogo. Wengine wenye mzio wa kamba huwala salama na wengine hapana. Hao huhitaji kupimwa, hawakisiwi.

Sasa tuje nyumbani.

Omena. Katika Ziwa Victoria kuna kamba mdogo wa maji baridi, wanasayansi humwita Caridina nilotica, na wavuvi wanamjua kama ochong'a. Omena huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za matundu madogo sana, na ochong'a huvutwa pamoja nayo. Huanikwa pamoja, hupakiwa gunia moja, na huuzwa soko la Kibuye kwa gorogoro ile ile. Nyingine ina wachache, nyingine ina wengi. Sambaza kiganja kimoja cha omena kavu kwenye sinia jeupe uangalie kwa utulivu: omena amenyooka na anang'aa fedha, ochong'a ana mgongo uliopinda, ndevu, na miguu myembamba chini ya tumbo, na hazidi sentimita 2 au 3. Mtu aliyekula omena mara ishirini salama na mara moja akavimba, hapa ndipo pa kutazama kwanza, kwa sababu mchanganyiko hubadilika kutoka gunia hadi gunia.

Muulize muuzaji bila kumtuhumu: "Mama, omena hii imechanganyika na ochong'a? Nina mtu nyumbani inamdhuru." Wengi watakuambia ukweli na hata kukuonyesha gunia lililo safi zaidi. Hata hivyo kuchambua kwa mkono hakutoshi kwa mwenye mzio uliothibitishwa, maana vipande vilivyovunjika na vumbi lake hubaki, na kuosha kwa maji moto hakuondoi protini yote. Maoni yangu ni kwamba mtu huyo aachane na omena na achukue samaki mzima, ambaye unaona unachonunua. Samaki huyo atolewe matumbo vizuri, kwa sababu mbuta wadogo hula ochong'a kwa wingi, na kilicho tumboni mwao huingia mchuzini wakipikwa wazima.

Chakula cha kuku. Ochong'a na omena husagwa na kuwa protini ya mifugo. Anayechanganya chakula cha kuku kisha macho yakawasha, akapiga chafya na kifua kikabana, huenda hakula kitu chochote kibaya siku hiyo: alikivuta. Hili nalo liandikwe kwenye daftari.

Kumbikumbi. Mvua zikianza, huku Kakamega, Vihiga na Siaya sinia hujaa. Waluhya huwaita tsiswa, Waluo ng'wen. Wadudu na kamba ni ndugu wa mbali, na tropomayosini yao inafanana. Mwenye mzio wa kamba anaweza kupatwa na kumbikumbi, panzi au nyenje, hata kama hajawahi kuonja kamba wa bahari. Unga wa nyenje nao umeanza kuingia kwenye biskuti na mikate; Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimekuwa kikifanya utafiti wa wadudu kama chakula. Ni chakula kizuri kwa asiye na mzio. Mwenye mzio wa kamba asome pakiti kwanza.

Kamba wa Naivasha. Wasafiri wa Nakuru wakae macho kwa yule kamba mwekundu wa maji baridi wa Ziwa Naivasha, mwenye asili ya Marekani, aliyeingizwa humo mwaka 1970. Si samaki, ni jamii ile ile ya kamba na kaa.

Vilivyojificha. Mchuzi wa chaza, mchuzi wa samaki wa Kiasia, biskuti za kukaanga zenye ladha ya kamba, supu ya pakiti, wali wa kukaanga wa hoteli za mjini. Lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza, basi tafuta maneno prawn, shrimp, crab, lobster na crustacean. Kisha yako mafuta. Karai lililokaanga kamba saa sita likakaanga chipsi saa saba limekwisha kuzitia chipsi hizo protini ya kamba. Wachache hupatwa na mvuke tu wa sufuria inayochemka kamba, kwa hiyo usidharau anayesema, "Sikula, nilikuwa jikoni."

Na dawa ya kuhifadhi. Kamba wa bahari hunyunyiziwa chumvi za salfaiti ili wasiwe na madoa meusi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na salfaiti hizo na si na kamba mwenyewe. Dalili yake kubwa huwa kupumua kwa shida bila mabaka, na huenda mtu huyo huyo alishawahi kubanwa akinywa divai au kula matunda makavu.

Hatua ya nne: ulizia kilichofanyika kabla na baada ya mlo

Hii ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi. Kuna watu wanaoweza kula chakula fulani kidogo bila shida hadi kikutane na jambo la pili: mazoezi makali, pombe, homa, siku za hedhi, kukosa usingizi, au dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Jambo hilo la pili huteremsha kizingiti cha mwili.

Tuseme dada mmoja wa Nyalenda amealikwa harusi Milimani. Amemeza ibuprofeni asubuhi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mchana amekula pilau, samaki wa mchuzi, kachumbari na kamba wawili wa kukaanga waliokuwa kwenye vitafunio. Amekunywa bia moja, akacheza muziki. Dakika 40 baada ya chakula viganja vinawasha, kisha midomo inavimba, kisha tumbo linasokota. Nyumbani wanasema ni samaki. Shangazi anasema ni kachumbari, haikuoshwa.

Tumfuatilie kwa utaratibu. Muda unafaa kuwa mzio. Mwasho na kuvimba vipo. Hakuna mwingine aliyeumwa, basi sumu inarudi nyuma. Samaki amemla maisha yake yote, na juzi tu amemla tena bila neno, basi naye anarudi nyuma sana. Kamba amewahi kumla mara mbili tatu zamani bila tatizo, lakini hilo halimwondoi kwenye orodha: mzio wa kamba mara nyingi huanza ukubwani, kwa mtu aliyekuwa akimla kwa raha, na ukianza kwa kawaida haupoi. Ibuprofeni yenyewe inaweza kuleta mabaka na kuvimba bila chakula. Kwa hiyo tuna washukiwa wawili wazito, kamba na dawa, pamoja na bia na dansi kama wasaidizi. Swali la kuamua ni jepesi: amewahi kumeza ibuprofeni baada ya siku hiyo, au siku chache kabla, bila kula kamba? Na omena je, imewahi kumwasha mdomo akadhani ni pilipili? Dada akijibu kwamba omena imemwasha mara mbili mwaka huu, picha inabadilika kabisa.

Usimjaribishe nyumbani kwa kumpa kamba mmoja "tuone." Tukio la kwanza likiwa dogo si ahadi kwamba la pili litakuwa dogo, na kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa hatari ni kubwa zaidi.

Hatua ya tano: vipimo, na jinsi ya kuvisoma

Anza kwa kliniki iliyo karibu ukiwa na daftari na picha, uombe barua ya rufaa. Kisumu hospitali kuu ya rufaa ni ya Jaramogi Oginga Odinga. Wa upande wa Bungoma na Kakamega wengi huelekea pia Hospitali ya Moi, Eldoret. Omba kuonana na daktari anayeshughulikia mzio, au wa ngozi, au wa kifua, au wa watoto kama mgonjwa ni mtoto.

Kipimo cha ngozi hufanywa kwa tone la kila mshukiwa juu ya mkono, ngozi ikachomwa kidogo, na matokeo kusomwa baada ya dakika 15 hivi. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi kupita ule wa tone la maji ya chumvi huhesabiwa kuwa chanya. Dawa za mzio huharibu kipimo hiki, kwa hiyo daktari atakuambia uziache mapema, mara nyingi kwa takriban wiki moja. Hapa ndipo mabaki ya friza yanapopata kazi: chupa za maabara huwa na dondoo za kamba wa bahari, na ochong'a wa ziwa hayumo. Daktari anaweza kuamua kuchoma chakula chenyewe kisha ngozi. Wewe usijichome wala kujipaka nyumbani.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili za IgE dhidi ya chakula fulani. Dawa za mzio hazikiathiri, hivyo kinamfaa asiyeweza kuziacha au mwenye ngozi iliyoharibika kwa pumu ya ngozi. Maabara nyingine hupima protini moja moja. Ukiona Pen m 1 kwenye karatasi, hiyo ni tropomayosini ya kamba mkubwa mwenye milia, huyu huyu anayevuliwa pwani yetu.

Sasa jambo ambalo limewaumiza watu wengi. Kipimo chanya maana yake ni kwamba mwili unaitambua protini hiyo. Hakisemi kwamba ukila utaumwa. Mende na wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi kwenye magodoro nao wana tropomayosini inayofanana na ya kamba. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye mende, jambo la kawaida kwenye mji wa joto kama wetu, anaweza kutoa jibu chanya la kamba ilhali anakula kamba bila chochote. Kwa hiyo karatasi isomwe pamoja na daftari. Jibu chanya kwa chakula unachokila salama kila wiki halitoshi kukufanya ukiache. Na jibu hasi kwa mtu aliyevimba koo halitoshi kumruhusu arudi mezani.

Usitoe pesa kwa vipimo vya IgG vya "vyakula mia," wala vya nywele. IgG ni kingamwili ya aina nyingine: huonyesha ulichokuwa ukila, haionyeshi mzio. Nimeona orodha zake zikimwondolea mama maziwa, mayai, ngano, samaki na maharagwe kwa siku moja, akabaki na ugali na mboga.

Hatua ya sita: pale vipimo vinapopingana na simulizi

Jibu la mwisho hupatikana kwa mgonjwa kulishwa mshukiwa hospitalini. Huanza na kiasi kidogo mno, kisha huongezwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, adrenalini ikiwa mkononi mwa mhudumu, na mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa. Huenda ukaambiwa usafiri hadi Nairobi kwa ajili yake. Kwa mtoto ambaye familia inataka kujua kama anaweza kula omena, mimi naona safari hiyo inafaa. Kwa mtu mzima ambaye simulizi, ngozi na damu vyote vimeelekea upande mmoja, haina haja.

Wakati unangoja jibu

Ondoa washukiwa halisi tu, si kila kitu. Kwa dada wa Nyalenda ni kamba na jamii yake yote, omena, kumbikumbi na nyenje, pamoja na ibuprofeni na ndugu zake hadi daktari atakapozitenganisha. Ngege anaendelea.

Ukila nje, zungumza na anayepika, maana anayeleta sahani mara nyingi hajui kilichomo. Sema wazi: "Dada, kamba na kaa vinanifunga pumzi. Mafuta haya yamekaanga kamba leo?" Neno "sipendi" halimwambii mpishi chochote, "vinanifunga pumzi" linamfanya aende kutazama. Kando ya ziwa, pale Dunga, samaki wa kuchemshwa katika sufuria yake mwenyewe ni salama kuliko wa karai la pamoja.

Mtoto wa shule apewe karatasi iliyoandikwa Kiswahili na Kiingereza: jina lake, vyakula asivyokula, dalili za hatari, nambari ya mzazi, na mahali sindano yake ilipo kama anayo. Mpishi wa shule aisome mwenyewe, isiishie ofisini, kwa kuwa shule nyingi za huku hupika omena.

Mwisho, jambo la hospitalini. Utasikia kwamba mwenye mzio wa kamba asipakwe iodini kwenye kidonda wala kudungwa dawa ya rangi wakati wa picha ya CT. Si kweli. Mzio huu ni wa protini, iodini haihusiki. Mtaje mzio wako kila unapolazwa, lakini usikubali kipimo unachokihitaji kiahirishwe kwa sababu hiyo pekee. Vidonge vya viungo vyenye glukosamini ni tofauti kidogo: vingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba, na ingawa wengi huvimeza bila shida, mwonyeshe daktari chupa kabla ya kuanza.